SOMO LETU: HINA YA KUPAKA NYWELE



Je, una mvi? Mvi si aibu. Lakini wako akina mama, na akina baba pia, wanaopenda kuzipaka rangi. Leo tusome juu ya hina.

Mhina ni mti mdogo unaopenda joto. Huko Pwani na Unguja watu huupanda karibu na nyumba. Majani yake hukaushwa kivulini, hutwangwa, halafu huchekechwa. Sisi wa Kibimba hununua unga wake dukani au gulioni. Basi kabla ya kununua, tujue kuutambua.

HINA YA KWELI
Unga wake ni wa kijani. Harufu yake ni kama ya majani makavu. Rangi yake ni nyekundu au ya machungwa, siyo nyeusi. Mvi zitakuwa nyekundu. Nywele nyeusi zitabaki nyeusi, zenye wekundu kidogo zikipigwa na jua.

NAMNA YA KUTENGENEZA
1. Tia vijiko 10 vya chakula vya unga katika bakuli la plastiki au la udongo. Vyatosha nywele fupi.
2. Tia maji ya uvuguvugu kidogo kidogo, pamoja na maji ya ndimu 1. Koroga mpaka iwe kama uji mzito.
3. Funika. Iache usiku kucha.
4. Asubuhi jaribu kwanza. Paka kidogo nyuma ya sikio, kisha osha. Ngoja siku 2. Ukiwashwa au ukivimba, acha kabisa. Usipodhurika, tengeneza nyingine mpya.
5. Osha nywele kwa sabuni, zikauke. Paka mafuta kwenye paji la uso na masikio, rangi isishike ngozi. Vaa mfuko wa plastiki mikononi.
6. Paka hina toka kwenye shina la nywele mpaka ncha. Funga kichwa kwa jani la mgomba lililolainishwa motoni na kupoa, halafu kitambaa.
7. Baada ya saa 3, osha kwa maji matupu. Rangi itakolea siku ya pili.

Usitie mafuta ya taa wala petroli. Tena, usimpake mtoto mchanga. Wako watoto waliozaliwa na damu isiyostahimili hina. Damu yao huharibika, macho huwa ya njano, na wanaweza kufa.

JIHADHARI NA "HINA NYEUSI"
Mtu akikuambia, "Hina hii inatia weusi kwa nusu saa," shtuka! Huenda imechanganywa na dawa ya kiwandani. Kwenye paketi huandikwa p-Phenylenediamine, au kwa kifupi PPD. Viwanda huitia kwa kipimo katika rangi za nywele. Lakini ikichanganywa ovyo, nani anajua kipimo chake? Huunguza ngozi. Ikimezwa, uso, ulimi na koo huvimba, mtu hushindwa kupumua, mkojo huwa mweusi, na figo huharibika. Huko Sudan, katika miaka ya 1980, madaktari walipokea wagonjwa wengi wa namna hiyo, wakiwemo watoto.

Ukiona mtu amevimba hivyo, usimpe dawa ya kienyeji. Usimtapishe. Mkimbize hospitali, na paketi uichukue, mganga aione.

Ndugu msomaji, zamani paketi ilikuwa picha tu machoni petu. Leo tunajua kusoma. Basi tuisome. Kama unga umefungwa kwenye karatasi isiyo na maandishi, na muuzaji hajui umetoka wapi, usinunue. Mvi haziumi.

MASWALI
1. Unga wa hina ya kweli una rangi gani?
2. Kwa nini tunajaribu nyuma ya sikio kwanza?
3. Mama Fulani amepaka hina saa 3 asubuhi. Ataiosha saa ngapi?
4. Tafuta paketi yoyote ya rangi ya nywele. Wasomee wenzako maandishi yake. Je, mmeziona herufi PPD?