SOMO LA WIKI: Jina Jipya, Dawa Ile Ile

Njia ya misafara iliiachia Tabora miembe ya kivuli. Mwenye kitalu cha michungwa na milimau ana mtaji laini zaidi: majani machanga. Hayo ndiyo chakula cha vidukari, inzi weupe na kiwavi anayechora mifereji ndani ya jani.

Kosa la gharama ni hili: dawa ikishindwa, mtu huongeza kipimo au hununua chupa yenye jina jingine. Imidaklopridi na asetamipridi ni majina mawili, lakini kundi ni moja, namba 4. Wadudu dhaifu hufa, sugu hubaki na kuzaana. Mteja naye huondoka na miche pamoja na wadudu wake.

Kabla ya kulipa, soma kwenye lebo kiambato, namba ya kundi na usajili. Kwa kizazi kijacho cha wadudu, tumia kundi jingine. Kata machipukizi yaliyoshambuliwa, zuia sisimizi wanaolinda vidukari. Usinyunyize penye maua: Tabora huuza asali, na nyuki wa jirani ni mtaji pia.

Mnunuzi, geuza jani kwanza. Bei huja baadaye.