Lengo la Mwaka la Mkimbiaji na Hesabu Yake

Filbert Bayi alipokimbia mita 1,500 mjini Christchurch, Nyuzilandi, tarehe 2 Februari 1974, saa za waamuzi zilionyesha dakika 3 na sekunde 32.2, nayo ikawa rekodi mpya ya dunia. Mwalimu au mwanafunzi akimbiaye alfajiri huko Mbagala au Tegeta kwa ajili ya afya na burudani hana mwamuzi. Yeye mwenyewe ndiye mpimaji na ndiye mpimwa. Akitaka kujua kama amepiga hatua katika mwaka mzima, hana budi kufuata kanuni zifuatwazo maabarani: kuweka lengo linalopimika, kutunza kumbukumbu, na kulinganisha mambo yanayolingana.

Kuweka lengo

“Kukimbia zaidi” si lengo, kwani haitafika siku ya kusema limetimia. “Kukimbia kilomita 1,000 kabla ya mwisho wa Desemba” ni lengo. Chukua mfano wa mwalimu wa Temeke aliyekwisha kuzoea kukimbia kilomita 20 kwa wiki. Mwaka una wiki 52; akitenga wiki 2 za mapumziko, zabaki 50, na 1,000 ÷ 50 = 20. Lengo hilo lamfaa. Anayeanza yampasa kuchagua lengo dogo zaidi, kwa sababu moyo na misuli huzoea kazi mpya mapema kuliko mifupa na kano. Mtu aweza kujiona ana pumzi ya kutosha ilhali miguu yake bado haijakomaa.

Kutunza daftari

Siku hizi simu na saa nyingi hupima umbali kwa msaada wa setilaiti, lakini utepe wa kupimia na daftari vyatosha. Uwanja wa mpira wenye urefu wa mita 100 na upana wa mita 60 una mzunguko wa mita 320. Mizunguko 25 ni kilomita 8. Daftari liwe na safu za tarehe, umbali, muda, hali ya hewa, na mapigo ya moyo kwa dakika yaliyohesabiwa asubuhi kabla ya kuinuka kitandani. Mapigo hayo yakizidi kiwango cha kawaida kwa siku kadhaa mfululizo, huenda mwili umechoka au ugonjwa wanyemelea; inafaa kupumzika na, ikibidi, kumwona mganga.

Kila mwisho wa wiki, jumla ya kilomita tangu Januari ichorwe kwenye grafu kando ya mstari ulionyooka wa lengo.

Kilomita zilizopotea si deni

Mvua za masika hunyesha Machi hadi Mei, na njia za mitaani hujaa maji na tope. Tuseme baada ya wiki 17 za mazoezi mwalimu yule amekimbia kilomita 260 badala ya 340. Amepungukiwa kilomita 80. Wengi hutaka kufidia upesi: kukimbia kilomita 40 kwa wiki, kwa wiki nne. Huko ni kuuongezea mwili mzigo maradufu kwa ghafla, na ndiko kunakoleta maumivu ya goti na ya mfupa wa muundi. Hesabu iliyo salama hugawa kilomita zilizobaki kwa wiki zilizobaki: 740 ÷ 33 = 22.4. Ongezeko ni kilomita 2.4 tu kwa wiki. Na kama hata hilo ni zito, lengo lipunguzwe. Kipimo kiliwekwa kumtumikia mkimbiaji, si kumtawala.

Februari na Julai

Gramu moja ya jasho inapogeuka kuwa mvuke huondoa mwilini joto la jouli zipatazo 2,400. Lakini hewa ya pwani ikijaa unyevu, jasho hudondoka bila kukauka, na joto hubaki mwilini. Moyo hulazimika kupeleka damu kwenye misuli na, wakati huohuo, kwenye ngozi ili ipoe. Ndiyo maana mwendo uleule huchosha zaidi Februari kuliko Julai, wakati wa kipupwe. Anayekimbia kilomita 5 kwa muda mfupi zaidi mwezi wa Julai asiharakishe kujisifu: huenda kilichobadilika ni hewa. Alinganishe Julai na Julai ya mwaka uliotangulia, njia ileile na saa ileile.

Mazoezi

1. Mwanafunzi ana lengo la kilomita 600 kwa wiki 50. Baada ya wiki 20 amekimbia kilomita 192. Akimbie kilomita ngapi kila wiki ili alitimize? (Jibu: 13.6.)

2. Pimeni mzunguko wa uwanja wa shule yenu. Ni mizunguko mingapi hufanya kilomita 3?

3. Kwa siku saba, kila mwanafunzi ahesabu mapigo ya moyo wake asubuhi na kutafuta wastani. Kwa nini wastani wa siku saba ni wa kuaminika kuliko kipimo cha siku moja?