Usiache Pombe Peke Yako: Maswali ya Watu wa Tukuyu na Rungwe

Rungwe watu hunywa pamoja. Chungu cha kimpumu huwekwa katikati, maji ya moto yakaongezwa juu ya ulezi uliochachuka, na waliokizunguka wakapokezana mrija huku habari za shamba, za ndoa na za misiba zikiendelea. Hata bia za Tukuyu mjini na Kiwira zinakwenda kwa ofa: leo wewe, kesho mimi. Ndiyo maana anayeamua kuacha pombe anajikuta ameachana na watu pia. Pamoja na kinywaji kupotea, saa kumi na moja jioni hana pa kwenda, na upweke huo ndio unaowarudisha wengi kilabuni. Maswali yafuatayo huulizwa na wanaotaka kuacha, na mara nyingi zaidi na wake, waume na wazazi wao.

Mimi nakunywa jioni tu na kazini naenda. Nitajuaje kama nina tatizo?

Usihesabu chupa peke yake. Jiulize kama ukishaanza unaweza kuishia pale ulipopanga. Je, asubuhi lazima uzimue ndipo mikono itulie? Hela ya maziwa, ya parachichi au ya majani ya chai imewahi kuishia njiani kabla haijafika nyumbani? Umewahi kuambiwa maneno uliyoyasema jana usiku, ukawa huyakumbuki? Mtu anaweza kukaa wiki nzima bila kunywa na bado akawa mraibu, kwa sababu akigusa glasi ya kwanza hajui atalala wapi. Shirika la Afya Duniani lina dodoso la maswali 10, linaitwa AUDIT, ambalo mhudumu wa afya anaweza kukuuliza kwa dakika chache. Lijibu kwa ukweli, si kwa kumfurahisha anayeuliza.

Huku ni baridi. Si kweli kwamba pombe inapasha mwili moto?

Si kweli. Pombe hupanua mishipa midogo ya damu iliyo karibu na ngozi. Joto la ndani huja juu, ukajisikia moto, kisha likapotea hewani. Aliyelewa akalala njiani usiku wa Juni au Julai yuko hatarini zaidi kuliko asiyekunywa.

Naweza kuacha leo leo, kwa mara moja?

Inategemea umekuwa ukinywaje, na hapa naomba usome taratibu. Kama unakunywa kila siku na asubuhi unatetemeka usipopata kitu, usikate ghafla ukiwa peke yako nyumbani. Mwili uliozoea pombe kwa muda mrefu ukiikosa hushtuka. Saa chache baadaye huanza jasho, tetemeko, kichefuchefu na kukosa usingizi. Wengine hupata degedege ndani ya siku mbili za kwanza. Kati ya siku ya pili na ya nne wachache huchanganyikiwa kabisa, wakaona wadudu au watu wasiokuwepo, wakapandwa na homa. Ndugu wengine wakiona hivyo hudhani amerogwa, wakampeleka kwa mganga wa kienyeji badala ya hospitali, na hali hiyo inaweza kuua.

Nenda Hospitali ya Wilaya, Makandana, au Igogwe. Walio upande wa Busokelo waende Itete. Mweleze daktari unakunywa nini, kiasi gani, na lini ulikunywa mara ya mwisho. Usimfiche hata kama ni gongo. Zipo dawa za kutuliza mwili kwa siku hizo chache, na vitamini B1 ya kuulinda ubongo. Kazi ya hospitali ni kukuvusha salama wiki ya kwanza. Miezi inayofuata inahitaji watu.

Kwa nini nikakae na walevi wenzangu? Si ni bora daktari, au mchungaji?

Daktari unamhitaji, na mchungaji pia kama una imani. Lakini aliyewahi kuficha chupa kwenye gunia la mahindi anakuelewa kabla hujamaliza sentensi. Hakushangai wala hakuhubirii, na uongo wako anaujua kwa sababu aliusema yeye mwanzo.

Jambo hili liligunduliwa kwa shida. Mei 1935, Bill Wilson, mtu wa biashara ya hisa kutoka New York, alikuwa katika mji wa Akron, Marekani, akiwa ameacha pombe kwa miezi michache. Biashara iliyompeleka huko ilikwama, na baa ya hoteli ilikuwa hatua chache kutoka aliposimama. Alichofanya ni kupiga simu, akiulizia makanisani kama kuna mlevi yeyote anayeweza kuzungumza naye. Akaunganishwa na Bob Smith, daktari mpasuaji ambaye pombe ilikuwa imekaribia kumnyang'anya kazi. Walizungumza kwa saa kadhaa. Smith alikunywa mara ya mwisho tarehe 10 Juni 1935, na siku hiyo ndiyo inayohesabiwa kuwa mwanzo wa ushirika unaojulikana kama Alcoholics Anonymous, au AA, ambao leo umeenea nchi nyingi, zikiwemo Kenya na Tanzania. Wilson alikuwa amemwendea Smith ili yeye mwenyewe asinywe. Msaada ulikwenda pande zote mbili, na hapo ndipo nguvu ya vikundi hivi ilipo hadi sasa: anayesaidia naye anasaidika.

Kwa anayetaka ushahidi wa kisayansi, mwaka 2020 watafiti John Kelly, Keith Humphreys na Marica Ferri walichambua tafiti 27 zenye washiriki 10,565. Waliounganishwa na AA kwa utaratibu maalumu walikuwa wamekaa bila kunywa kabisa baada ya mwaka mmoja kwa kiwango cha 42 kati ya 100. Waliopata tiba nyingine za kisaikolojia walikuwa 35. Tafiti nyingi zilifanyika Marekani, lakini karibu na sisi upo mfano mzuri, Zanzibar. Tangu mwaka 2009, Suleiman Mauly, aliyewahi kuwa mtumiaji wa heroini, na wenzake wamekuwa wakiendesha soba hausi, yaani nyumba za wanaoacha uraibu, ambazo wanaoongoza ni watu waliopita njia hiyohiyo. Baadaye nyumba za namna hiyo zikaenea Tanzania Bara.

Na Rungwe tuna sababu yetu wenyewe ya kuliamini jambo hili. Mwaka 1951 mwanaanthropolojia Monica Wilson alichapisha kitabu *Good Company*, kilichotokana na utafiti alioufanya na mumewe Godfrey kwa Wanyakyusa katika miaka ya 1930. Kinaeleza jinsi vijana wa kiume, tangu wakiwa na umri wa miaka kama kumi, walivyoondoka kwenye boma la baba na kujenga kijiji chao na wa rika lao, wakala pamoja na kukua pamoja hadi uzee. Mtu alijifunza adabu kwa kukaa na wenzake. Vijiji vile vya rika havipo tena, ila hamu ya kukaa na wa rika lako ipo, na kwa sasa kilabu ndicho kinachoifaidi. Kikundi cha walioacha pombe kinaichukua hamu hiyohiyo na kuipa mahali pengine pa kukaa.

Mkutano wenyewe unakuwaje?

Ni watu wameketi kwenye mabenchi, watano au hata watatu, kwa muda wa saa moja. Kuna chai. Mmoja anaanzisha, akitaja jina lake la kwanza na kusema kwamba pombe ilimshinda. Anasimulia wiki yake: Jumamosi alilipwa, akapita njia ya nyuma ili asikutane na wenzake wa zamani, akafika nyumbani hela ikiwa kamili, kisha usiku akashindwa kulala. Hakuna anayemkatiza, kumkosoa au kumpangia la kufanya. Akimaliza anashukuriwa, anafuata mwingine. Asiyetaka kusema anasikiliza tu, na hilo linakubalika hata mara ya kumi. Hakuna ada, wenye chochote huchangia sukari na majani. Sharti la kuingia ni moja, kutaka kuacha kunywa. Hata aliyekunywa asubuhi hafukuzwi, mradi asivuruge kikao.

Mgeni hupewa namba ya simu ya mtu aliyetangulia, anayeitwa mlezi. Siku ya malipo, kabla hujafika barabarani, unampigia. Mazungumzo ya dakika tano kabla ya glasi ya kwanza yana kazi kubwa kuliko masikitiko ya siku nzima baada yake.

Hii ni dini mpya?

Hapana. Hatua 12 za AA zinamtaja Mungu, kila mtu kwa namna anavyomfahamu, na hakuna anayetakiwa kubadili kanisa au msikiti. Wamoravian wako Rungwe tangu 1891, KKKT Dayosisi ya Konde ina makao yake Tukuyu, na Wakatoliki wana jumuiya ndogondogo hadi vitongojini. Wote wanaweza kutoa chumba. Ninachowaomba viongozi wa dini ni jambo moja: wakishatoa chumba, wawaache wahusika wazungumze bila mzee wa kanisa kuketi pembeni. Mtu aliyetengwa kwa ulevi hawezi kusema ya moyoni mbele ya aliyepiga kura ya kumtenga.

Kijiji ni kidogo. Siri itakaaje?

Swali hili ni la haki, na ni gumu zaidi vijijini kuliko mjini. Kanuni ni kwamba ulichokisikia na uliyemwona ukaviache chumbani. Isomwe kwa sauti kila mkutano unapoanza, na anayeivunja aambiwe wazi. Kama bado una hofu, mtu wa Masoko anaweza kuhudhuria Tukuyu, na wa Kiwira akaenda Mbeya mjini. Ila fikiria pia kwamba jirani zako wamekuona ukibebwa. Ulevi wako wanaujua. Wasichokijua ni kwamba unataka kuacha.

Msibani na harusini nitafanyaje? Siwezi kukosa.

Usikose, ila miezi mitatu ya kwanza nenda na mtu asiyekunywa na uondoke naye. Fika mapema, wakati wa kazi: pasua kuni, chota maji, pokea wageni. Mwenye kazi mkononi hasukumiwi glasi. Shika togwa au soda muda wote, kwa sababu mkono mtupu unaalika ofa. Wengi husema wako kwenye dawa na daktari amewakataza. Kwa wiki za mwanzo inasaidia, lakini "nimeacha" ni jibu fupi zaidi na halikulazimishi kukumbuka ulidanganya nini. Ikiwa aliyefiwa ni wewe, waombe wenzako wa kikundi wawe karibu usiku wa kwanza hadi matanga yaanuliwe.

Mimi ndiye mpikaji wa pombe, na ninakunywa. Nitaachaje na ndiyo kazi inayosomesha watoto?

Wanawake wengi wako hapa, na ushauri wa haraka haraka unawaumiza. Huwezi kupika bila kuonja, na kuonja kunatosha kukurudisha. Kwa hiyo kuacha kunywa na kubadili kazi vinakwenda pamoja, japo si kwa siku moja. Anza kwa kumwachia mtu mwingine kazi ya kuonja na kuuza, huku ukitafuta njia nyingine ya kipato pamoja na wanawake wa VICOBA yenu: maziwa, ndizi, mboga, miche ya parachichi. Kwa gongo kuna hatari mbili za ziada. Kuitengeneza bila leseni ni kosa chini ya Sheria ya Moshi ya mwaka 1966, na ikiingia methanoli hupofusha na kuua. Wanawake mkiwa wawili au watatu, kaeni kikao chenu peke yenu. Yapo mambo ambayo mwanamke hatayasema mbele ya wanaume aliokuwa akiwauzia.

Nikianguka tena je?

Rudi kwenye mkutano unaofuata, hata kwa aibu. Wengi walioacha moja kwa moja walianguka kwanza, wengine zaidi ya mara moja. Waeleze wenzako ulikuwa wapi, na nani, ukiwa na hela ya nini. Mara nyingi jibu la "nilijikwaa wapi" limo humo. Kama umekunywa siku nyingi mfululizo, pitia tena hospitali kabla ya kukata.

Anayekunywa ni mume wangu, na hataki kusikia. Mimi nifanye nini?

Usimvizie kwa maneno akiwa amelewa. Subiri asubuhi, useme kwa ufupi ulichokiona na kilichokuumiza. Acha kumlipia madeni ya kilabu na kumwombea udhuru kazini. Tafuta wake wenzako; tangu 1951 ndugu wa walevi wana ushirika wao, Al-Anon, na wanaweza kukutana hata kama mnywaji mwenyewe hataki. Lakini anapokupiga, kwanza ni usalama wako na wa watoto: nenda dawati la jinsia la polisi, ustawi wa jamii, au kwa ndugu.

Na kwa bangi au heroini?

Vikundi vya aina hii vinawafaa nao. Mwenye uraibu wa heroini anaweza pia kupata tiba ya methadoni katika Hospitali ya Rufaa ya Kanda ya Mbeya. Dawa hiyo haitibu ulevi wa pombe. Namba 119 ya Mamlaka ya Kudhibiti na Kupambana na Dawa za Kulevya hupigwa bure.

Kwetu hakuna kikundi. Tuanzeje?

Wawili mnatosha, Bill Wilson na Bob Smith walianza hivyo. Chagueni siku na saa isiyobadilika, ikiwezekana saa ileile mliyokuwa mkienda kilabuni, maana hiyo ndiyo saa yenye vita. Ombeni chumba kwa mtendaji wa kijiji, shuleni au kanisani. Mwambieni mhudumu wa zahanati siku ya kikao ili awaelekeze wengine. Msianze kwa kuandika katiba, kuchagua mwenyekiti wala kutafuta mfadhili. Chai na simu vinatosha. Wiki asipofika mtu mwingine, anayefika aketi saa yake nzima na ufunguo asiurudishe mapema, kwa sababu anayekuja kwa mara ya kwanza huzunguka nje muda mrefu kabla ya kubisha hodi.