SOMO LA FAMILIA: Nani anaruhusiwa kufanya mtihani wa sekondari bila kurudi darasani?

Hapa Kabuga tunao vijana, na hata wazazi, ambao vita iliwakatia masomo. Wengi wanauliza: je, mlango umefungwa? Hapana. Lakini kila nchi ina masharti yake.

1. Rwanda. Masomo ni miaka 6 ya msingi, 3 ya sekondari ya chini na 3 ya juu. Mitihani ya taifa inasimamiwa na NESA, iliyoundwa mwaka 2020. Asiyesoma shuleni anaweza kuandikishwa kama mtahiniwa binafsi. Ngazi hazirukwi: anayetaka mtihani wa S6 awe na matokeo ya S3. Aliyesoma Kongo aombe kwanza NESA ilinganishe vyeti vyake na vya Rwanda.

2. Tanzania. Aliyemaliza shule ya msingi tu huanza na Mtihani wa Maarifa (QT) wa NECTA. QT si cheti cha kidato cha nne. Ni ruhusa ya kuufanya mtihani huo kama mtahiniwa binafsi.

3. Marekani. Ndugu zetu waliohamia huko wanakutana na GED, ulioanza 1942 kwa ajili ya wanajeshi walioacha shule. Mtahiniwa awe na miaka 16 au zaidi (majimbo mengi huwawekea walio chini ya 18 masharti ya ziada), na asiwe anasoma sekondari. Masomo ni 4: hesabu, lugha, sayansi na maarifa ya jamii. Kila somo linahitaji alama 145 kati ya 200. Mtihani uko kwa Kiingereza na Kihispania, si kwa Kiswahili wala Kifaransa.

Tuone tofauti. Rwanda na Tanzania wanauliza: ulimaliza wapi? GED inauliza: leo unajua nini? Kwa hiyo aliyekimbia na cheti akitunze kama mbegu, na jina lililomo lifanane na la kitambulisho chake cha ukimbizi. Aliyekipoteza aanze kufuatilia leo, asingoje wiki ya kuandikishwa. Wala asinunue cha kughushi: kikigunduliwa, kitaharibu hata kile alichokisomea kwa haki.

Maswali ya kuzungumza nyumbani:
– Nani kwetu aliacha masomo, na katika darasa gani?
– Karatasi zake ziko wapi?
– Tutampunguzia kazi gani ili apate saa ya kusoma?

Mungu awabariki.