Shufwa na Witiri katika Besi Tano

Mwanafunzi wa shule ya msingi akiulizwa aitambueje namba shufwa, hujibu upesi kwamba ni ile iishiayo na 0, 2, 4, 6 au 8. Jibu ni sahihi, lakini laweza kumfanya aamini kuwa ushufwa umo katika tarakimu ya mwisho. Sivyo. Ushufwa ni sifa ya namba yenyewe. Tarakimu ni vazi tu ambalo namba imevikwa. Somo lifuatalo litamsaidia mwanafunzi kuiona tofauti hiyo.

Vifaa: Kila kikundi kiwe na mbegu 40 za maharage.

Hatua ya kwanza. Wanafunzi wahesabu mbegu 6, kisha wazikusanye kwa mafungu ya tano tano badala ya makumi. Watapata fungu 1 na mbegu 1. Tunaandika 11, na kusoma "moja moja, besi tano", wala si "kumi na moja". Mbegu 7 huandikwa 12, na mbegu 8 huandikwa 13. Tarakimu zitumikazo ni 0, 1, 2, 3 na 4 tu, maana mbegu tano huwa fungu jipya, na mafungu matano huwa fungu kuu la mbegu 25. Kukusanya kwa tano si jambo geni: katika Kichewa, sita huitwa "zisanu ndi chimodzi", yaani tano na moja.

Hatua ya pili. Sasa mbegu zipangwe mbili mbili. Mbegu 6 zinakwisha zote, ingawa 11 huishia na 1. Mbegu 7 zinabakiza moja, ingawa 12 huishia na 2. Namba hazikubadilika, kanuni ya tarakimu ya mwisho ndiyo iliyoshindwa.

Hatua ya tatu. Tuwaongoze watafute sababu. Kila kumi hupangika mbili mbili bila baki. Kwa hiyo katika besi kumi mamoja pekee ndiyo yaamuayo. Lakini 5 ni witiri: kila fungu huacha mbegu 1, na fungu kuu la 25 vilevile huacha 1. Mabaki hayo, pamoja na mbegu zilizo nje ya mafungu, idadi yake ni sawa na jumla ya tarakimu. Jumla ikiwa shufwa, namba ni shufwa. Kwa mfano, mbegu 38 huandikwa 123, na 1 + 2 + 3 = 6.

Hoja hii ndiyo iliyo chini ya kanuni ya kugawanya kwa 9 katika besi kumi, kwani 10 ukiondoa 9 hubaki 1. Katika besi tano, 4 hushika nafasi ya 9: mbegu 36 huandikwa 121, jumla ya tarakimu ni 4, na 36 hugawanyika kwa 4.

Tahadhari: Mwalimu asiitaje kanuni kabla mbegu hazijapangwa. Kanuni isiyojulikana sababu yake humwacha mwanafunzi bila msaada hali inapobadilika.

Zoezi kwa wanachuo:
1. Andika 13, 24 na 31 kwa besi tano, kisha utambue zilizo shufwa kwa kujumlisha tarakimu.
2. Je, kanuni ya tarakimu ya mwisho hufaa katika besi sita? Eleza sababu kwa kutumia mbegu.