Somo la 7: Kuketi Pamoja Naye

SABATO MCHANA

Soma kwa Ajili ya Somo la Juma Hili: Yohana 9:1–3, Mathayo 4:24, Ayubu 2:11–13, 1 Wafalme 19:1–8, Zaburi 88, Marko 2:1–12, Matendo 16:25–28, Kutoka 17:8–13, Wagalatia 6:2–5.

Fungu la Kukariri: Mithali 17:17. Linakili kutoka katika Biblia yako, ulikariri pamoja na jamaa yako.

Katika mji mdogo wa Olney, Uingereza, palikuwa na nyumba mbili ambazo bustani zake zilitenganishwa na shamba la miti ya matunda. Katika moja aliishi John Newton, nahodha wa zamani wa merikebu za watumwa aliyeongoka na kuwa kasisi. Katika nyingine aliishi mshairi William Cowper. Ili wasizunguke barabarani kila walipotaka kuonana, walilipa ginea moja kwa mwaka wapate ruhusa ya kukatiza shambani. Kitabu cha nyimbo walichokitoa mwaka 1779 kina nyimbo 348, na zaidi ya 60 kati ya hizo ni za Cowper. Baadhi tunaziimba hadi leo.

Wengi wanaoziimba hawajui kwamba Cowper aliugua ugonjwa mzito wa akili tangu ujana wake hadi kufa kwake. Juma hili tutajifunza juu ya rafiki wa mtu kama huyo. Karibu kila kanisa lina mgonjwa ambaye jina lake halitajwi wakati wa maombi. Mwenye malaria tunamtaja, aliyevunjika mguu tunamtembelea na matunda mkononi, lakini huyu tunamnong'ona mlangoni baada ya ibada. Na karibu kila mgonjwa wa namna hiyo ana mtu mmoja, ndugu au rafiki, anayejiuliza usiku afanye nini.

JUMAPILI: Ni Nani Aliyetenda Dhambi?

Soma Yohana 9:1–3. Wanafunzi walitaka kujua nini kuhusu yule kipofu? Kwa nini Yesu hakuwapa jibu walilolitarajia?

Cowper alifiwa na mama yake akiwa na umri wa miaka sita. Akiwa kijana anayesomea sheria London, alizama katika huzuni ambayo hakuweza kuieleza. Mwaka 1763 aliandaliwa kazi ya ukarani katika Bunge, lakini ilimpasa kwanza ahojiwe mbele ya mabwana wakubwa. Hofu ya siku ile ilimlemea hata akajaribu kujiua. Jamaa zake walimpeleka St Albans, kwa daktari Nathaniel Cotton, aliyekuwa na nyumba ya kutunzia wagonjwa wa akili. Huko, mwaka 1764, akisoma Warumi 3:25, aliamini kwamba amesamehewa.

Baadaye walitokea watu waliosema kwamba dini ndiyo iliyomtia wazimu, na kwamba Newton alimzidishia. Tarehe zenyewe zinawakana, maana alikwisha kuugua kabla hajamjua Newton. Lakini nasi tunaosema, “Angekuwa na imani, asingeugua,” tunakanwa vilevile. Alipougua tena mwaka 1773 alikuwa mwamini anayeomba, anayewatembelea maskini, na anayetunga nyimbo za kusifu neema.

Je, si pepo? Biblia haifichi kwamba pepo wapo. Hata hivyo, angalia Mathayo 4:24. Wenye pepo wametajwa kwa jina lao, na wenye kifafa na wenye kupooza kwa majina yao. Mathayo hakuwatia wote katika kapu moja. Mtu ambaye ubongo wake unaugua, akikemewa mbele ya mkutano wote Sabato tatu mfululizo, hutoka pale akiamini kwamba amekaliwa na shetani na kwamba hata Mungu ameshindwa kumsaidia. Hapo amepewa mzigo wa pili juu ya ule wa kwanza.

Tunapokuwa hapo, tuchunge pia midomo yetu. Tanzania jina la Mirembe, na Kenya jina la Mathari, hospitali ambazo watu hutibiwa, yamegeuzwa kuwa matusi ya mitaani. Mgonjwa aliyerudi kutoka huko ameketi nyuma yako kanisani, na amesikia.

JUMATATU: Siku Saba Bila Neno

Soma Ayubu 2:11–13. Rafiki za Ayubu walifanya mambo gani kabla hawajafungua vinywa vyao?

Walisikia, wakapatana, wakaja, wakalia, wakaketi chini pamoja naye siku saba. Tumezoea kuwalaumu watu hawa watatu, na ni haki, maana mwishoni Mungu mwenyewe aliwakemea. Lakini juma lao la kwanza lilikuwa jema. Walipoanza kumweleza sababu za mateso yake ndipo walipoharibu.

Sasa soma 1 Wafalme 19:1–8. Eliya ametoka katika ushindi wa Karmeli, naye yuko chini ya mretemu akiomba afe. Malaika hakumhubiri. Alimgusa, akampa mkate na maji, akamwacha alale tena, kisha akampa chakula mara ya pili. Mazungumzo juu ya kazi yake yalikuja baadaye sana, huko Horebu.

Mnamo Januari 1773, siku chache baada ya Newton kuhubiri juu ya neema katika siku ya mwaka mpya, Cowper alianguka tena. Mwezi wa Aprili, wakati wa kelele za gulio la mji, alikuja nyumbani kwa Newton kutafuta utulivu. Akakataa kuondoka. Alikaa zaidi ya mwaka mmoja, hadi Mei 1774, pamoja na Bi Mary Unwin, mjane aliyekuwa akimtunza. Newton na mkewe walikuwa na usharika wa kuhudumia, na bado waliweka mahali pa mtu anayelia mezani na asiyeweza kuachwa peke yake. Newton alitembea naye, akaketi naye, akatafuta ushauri wa Dakta Cotton. Alikuja kusimulia kwamba kwa muda wa miaka 12 hivi, walipokuwa wote nyumbani, ilikuwa nadra kutengana saa saba wakiwa macho.

Si kila mtu anaweza kumpokea rafiki nyumbani mwake kwa zaidi ya mwaka mmoja, wala haitakiwi. Lakini unaweza kwenda Jumanne ukamkuta hajaoga, ukachemsha maji. Unaweza kupika uji, ukaufua mrundo wa nguo, ukakaa naye saa nzima bila kumuuliza kwa nini hakuja kanisani. Ukiahidi kuja Alhamisi, njoo Alhamisi. Mtu ambaye akili yake inamwambia kwamba hapendwi na yeyote hulishika sana neno kama hilo, na usipofika atahesabu kwamba akili yake ilisema kweli.

JUMANNE: Zaburi Inayoishia Gizani

Soma Zaburi 88 yote, polepole. Inaishaje? Kwa nini Mungu aliruhusu sala ya namna hiyo iwemo katika Maandiko?

Baada ya mwaka 1773 Cowper aliamini kwamba Mungu amemkataa yeye peke yake kati ya wanadamu wote. Aliacha kwenda kanisani, na hakurudi. Hoja hazikumsaidia, kila fungu la ahadi alilosomewa alijibu kwamba ni la wengine. Newton hakuikubali hukumu hiyo, lakini pia hakuufanya urafiki utegemee mabadiliko ya mawazo ya Cowper.

Linganisha na Marko 2:1–5. Yesu aliona imani ya nani? Yule mgonjwa juu ya godoro hatuambiwi alisema neno lolote. Rafiki yako anaposema, “Siwezi kuomba,” usimlazimishe. Mwambie kwamba wewe unaomba, kisha omba kweli, hata kama yeye amelala akitazama ukuta.

JUMATANO: Anaposema Anataka Kufa

Soma Matendo 16:25–28. Paulo alimfanyia nini mlinzi wa gereza?

Mlinzi alikuwa tayari na upanga. Paulo hakungoja amani irudi, wala hakuanza kwa kumweleza ubaya wa kujiua. Alipaza sauti, akamzuia asijidhuru, akamjulisha kwamba wote wako pale. Kuhusu Yesu walizungumza baadaye, usiku uleule.

Katika Oktoba 1773, akiwa ndani ya nyumba ya kasisi, Cowper alijaribu tena kujiua. Upendo wa Newton haukuizuia siku ile isifike. Jambo hili lisemwe wazi kwa ajili ya wale waliofiwa na rafiki kwa njia hiyo, ambao kila Sabato hujiuliza kama wangepiga simu moja zaidi.

Hata hivyo kuna mambo ya kufanya. Ukiwa na wasiwasi, muulize kwa maneno ya kawaida: “Ndugu yangu, unafikiria kujiua?” Wengi huogopa kwamba swali litampandia wazo. Sivyo, mara nyingi ni nafuu kwake kwamba hatimaye mtu ameuliza. Akijibu ndiyo, usimwache peke yake. Ondoa karibu naye sumu za shambani, dawa zilizorundikana, na kitu chochote anachoweza kujidhuru nacho. Mwite ndugu yake wa karibu, mpelekeni hospitali siku hiyohiyo. Akikusihi umfichie siri, usiahidi. Akikasirika, kasirikiwa.

Juu ya dawa, Luka aliitwa tabibu mpendwa (Wakolosai 4:14), na Paulo hakumwambia auache utabibu ili awe na imani. Usimshauri rafiki yako aache vidonge kwa sababu amefunga na kuomba, au kwa sababu ameanza kujisikia vizuri. Mara nyingi anajisikia vizuri kwa kuwa anavitumia. Vikimchosha au kumnenepesha, fuatana naye kwa daktari ayaeleze hayo. Na palipo na mgonjwa aliyefungwa kwa kamba au mnyororo ili aombewe, kazi ya kwanza ya kanisa ni kumfungua na kumfikisha kwenye matibabu.

ALHAMISI: Mikono ya Musa Ilipochoka

Soma Kutoka 17:8–13 na Wagalatia 6:2–5. Mzigo na furushi vinatofautianaje?

Mwaka 1780 Newton alihamia London. Cowper hakubaki bila watu. Bi Unwin alikuwapo, barua zilikwenda na kurudi, na zilikuwapo kazi ndogo zilizomsaidia tangu 1774: bustani, useremala, na sungura watatu wa porini aliowafuga. Rafiki mwingine, Bibi Austen, alimhimiza atunge shairi juu ya kochi. Likakua likawa The Task, lililochapishwa 1785 na kumpa jina kubwa. Ugonjwa ulirudi mwaka 1787. Bi Unwin naye alipooza, akafa 1796, baada ya kumtunza kwa takriban miaka 30.

Hakuna mtu mmoja aliyebeba yote. Unayemtunza rafiki, mtafute Haruni na Huri wako mapema. Kulala usingizi wako si kumsaliti.

IJUMAA: Jifunze Zaidi

Cowper alifariki tarehe 25 Aprili 1800, na waliokuwa karibu hawakusikia kwamba giza lake liliondoka. Newton, aliyeishi hadi 1807, hakukubali kamwe kwamba Mungu alimtupa rafiki yake. Soma tena Warumi 8:35–39 ukimkumbuka.

Maswali ya Kujadili:

1. Darasa lenu lingefanya nini mshiriki akisimama na kusema wazi, “Ninaumwa akili, naomba mniombee”? Jibuni kwa ukweli.

2. Rafiki za Ayubu walikosea wapi baada ya siku saba? Ni maneno gani ya kanisani yanayofanana na yao?

3. Mnawezaje kumsaidia anayemtunza mgonjwa, apate hata alasiri moja ya kupumzika kila juma? Nani ataanza, na lini?

4. Je, kuna mtu aliyeacha kuja kwa sababu ya ugonjwa wa namna hii? Mara ya mwisho mtu wa darasa lenu kwenda kwake ilikuwa lini?