Nchi na Jumuiya: Ni Mamlaka Gani Yatolewayo?



Mara nyingi twasikia watu wakibishana habari za Jumuiya ya Afrika Mashariki. Mmoja asema, "Nchi yetu itamezwa." Mwenziwe amjibu, "Umoja ni nguvu, wala hapana hasara yo yote." Twaona ya kwamba wote wawili wana haraka. Yafaa kwanza tufahamu maana ya maneno, kisha tuyatazame mambo yaliyotendeka, ndipo tuamue.

1. Maana ya mamlaka ya nchi

Mamlaka ya nchi ni uwezo wa taifa kujitungia sheria, kutoza kodi, kulinda mipaka na kukata mashauri yake pasipo kuamriwa na watu wa nje. Lakini uwezo huu waweza kugawanywa. Mkulima wa kahawa aingiaye katika chama cha ushirika hatoi shamba lake, wala miti yake, wala nyumba yake. Atoa jambo moja tu, yaani uwezo wa kuuza kahawa peke yake apendavyo, ili apate bei njema pamoja na wenzake. Vivyo hivyo nchi iingiayo katika Jumuiya hutoa sehemu fulani ya mamlaka yake, na sehemu nyingine hubaki nayo.

Basi haitoshi kuuliza, "Je, tutapoteza mamlaka?" Yatupasa kuuliza maneno matatu: Twatoa nini? Nani atakishika? Naye akikosa, nani atamrudi?

2. Jumuiya ya kwanza

Tarehe 5 Juni 1963 Julius Nyerere, Jomo Kenyatta na Milton Obote walikutana Nairobi, wakatangaza ya kwamba nchi zao zitakuwa shirikisho moja kabla ya mwaka kwisha. Shirikisho hilo halikuzaliwa. Tangu mwaka 1960 Nyerere alikuwa amesema yu tayari kuukawiza uhuru wa Tanganyika, ili nchi hizi ziwe huru pamoja; maana alihofu ya kwamba kila moja ikiisha kuwa na bendera yake, itakuwa vigumu kuziunganisha. Na ndivyo ilivyokuwa.

Ndipo ikachaguliwa njia iliyo ndogo zaidi. Mkataba ulitiwa sahihi Kampala tarehe 6 Juni 1967, na Jumuiya ikaanza tarehe 1 Desemba, makao yake yakiwa Arusha. Reli, bandari, posta na simu, hata ndege, vilikuwa mali ya nchi tatu kwa pamoja. Makao ya bandari yaliwekwa Dar es Salaam, ya posta Kampala, ya reli na ndege Nairobi. Juu ya yote walikaa marais watatu, na neno halikupita ila wote watatu walikubali.

Hapo ndipo palipokuwa na ufa. Januari 1971 Idi Amin alimpindua Obote, naye Nyerere akakataa kuketi pamoja naye. Tangu siku hizo baraza la marais halikukutana tena. Viti vilikuwa vitatu tu, na hapakuwa na mtu mwingine aliyepewa uwezo wa kuamua walipokosa kukaa.

Tena yalikuwako manung'uniko ya mali. Viwanda vingi vilikuwa Kenya, na wenziwe waliona ya kuwa faida yaelekea upande mmoja. Na Tanzania ilifuata njia ya ujamaa, Kenya njia ya biashara ya watu binafsi. Haya yote yalihitaji baraza la kuyatengeneza, na baraza halikuwapo. Mwanzo wa mwaka 1977 shirika la ndege lilisimama, Kenya ikafanya lake. Mwezi wa Februari Tanzania ikaufunga mpaka wake na Kenya. Na katika mwaka huo huo Jumuiya ikafa. Kugawana mali na madeni kulichukua muda hata mwaka 1984, na wazee walioitumikia Jumuiya waliendelea kudai haki zao kwa miaka mingi baadaye.

Angalieni sana neno hili. Jumuiya ile haikufa kwa sababu ilizinyang'anya nchi mamlaka. Kila rais alibaki na mamlaka yake yote, hata aliweza kuisimamisha kazi ya wote kwa kutokuja barazani. Ndiyo maana yule mfanya kazi wa reli na yule mfanya biashara wa mpakani hawakuwa na mahali pa kupeleka shauri lao.

3. Jumuiya ya sasa

Wahenga husema, kuvunjika kwa koleo si mwisho wa uhunzi. Mkataba mpya ulitiwa sahihi Arusha tarehe 30 Novemba 1999, ukaanza kutumika tarehe 7 Julai 2000. Tangu Somalia ilipoingia mwaka 2024, Jumuiya ina nchi nane. Safari hii limewekwa Bunge, ambalo kila nchi huchagua wabunge tisa kuingia humo, na Mahakama ambayo hata raia aweza kuiendea. Tena mkataba wasema ya kwamba katika mambo ya Jumuiya sheria yake yatangulia sheria ya nchi.

Nini kimetolewa? Tangu mwaka 2005 nchi zimefuata umoja wa forodha, na tangu mwaka 2010 soko la pamoja. Lakini habari ya ardhi, ambayo watu huihofia kuliko yote, mapatano ya soko la pamoja yameiachia sheria ya kila nchi. Basi asemaye kwamba Jumuiya imekwisha kuwapa wageni mashamba yetu hasemi kweli.

Nani atamrudi akosaye? Mwaka 2006 watu wa Kenya walilalamika ya kuwa wajumbe wao wa Bunge hawakuchaguliwa kama mkataba uamuruvyo. Mahakama ikawazuia kwa muda wasiapishwe. Kabla hukumu haijatolewa, nchi zikabadili mkataba katika mambo ya Mahakama yenyewe. Hata hivyo mwaka 2007 Mahakama iliamua ya kwamba kanuni za Kenya zilivunja mkataba; na mwaka 2008 ikasema ya kuwa kuubadili mkataba pasipo kuwashauri wananchi hakukuwa sawa. Kwa hiyo mlinzi yuko, lakini bado ni mchanga. Wakuu wa nchi nao wangali wakiamua kwa kukubaliana wote, kama zamani.

Na shirikisho je? Watanzania walipoulizwa miaka ya 2006 na 2007, wengi hawakuchukia umoja, ila walikataa uharakishwe. Twaona walijibu kwa busara. Umoja usiotaka mtu atoe cho chote hauna nguvu ya kumsaidia ye yote. Na mamlaka yaliyotolewa pasipo baraza na hakimu ni vigumu kuyarudisha.

Maswali ya kujifunza

1. Mkulima aingiaye katika ushirika hutoa nini, naye hubaki na nini?
2. Kwa nini baraza la marais halikukutana baada ya mwaka 1971?
3. Jumuiya ya sasa ina nini ambacho wewe raia waweza kukiendea?
4. Ni jambo gani usingependa nchi yako ilitoe, na kwa sababu gani?